Matangazo ya kulipia mtandaoni kwa mafundi na makandarasi wa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyajibu kwa simu, kwa WhatsApp, na mara nyingine tukiwa tumesimama juu ya rundo la kokoto, mpaka tukaona bora tuyaandike. Wateja wetu ni waezekaji, wachimba visima, mafundi bomba, mafundi umeme, wafunga madirisha ya aluminiamu, wapiga marumaru na kampuni ndogo za ujenzi. Hatutangazi migahawa wala nguo, kwa hiyo usishangae majibu yakinuka saruji.

Kwani nyinyi mnafanya nini hasa?

Tunasimamia hela yako ya matangazo kwenye Google, Facebook na Instagram ili simu yako ipigwe na mtu mwenye kiwanja, mwenye nyumba inayovuja au mwenye shamba lisilo na maji. Kazi yetu inaishia simu inapoita. Kuanzia hapo ni wewe, na hilo tutalirudia chini kwa sababu ndipo hela nyingi zinapopotelea.

Kazi zangu zote zinatoka kwa watu wanaonijua. Nina haja gani ya matangazo?

Kama una foleni ya kazi ya miezi mitatu mbele, huna haja. Tumeshawarudisha watu wa aina hiyo nyumbani na hela zao. Matangazo yanamfaa fundi mwenye vijana wa kulipa kila Jumamosi na ambaye kazi zake zinakuja kwa mafungu: leo tatu kwa mpigo, mwezi ujao hakuna hata moja. Yanamfaa pia aliyehamia mji mpya. Fundi aliyejulikana Pasua na Majengo miaka kumi, akihamia Usa River anaanza upya kama mgeni.

Nitangaze Google au Facebook?

Inategemea shida ya mteja wako imeshamkaba au bado.

Bomba limepasuka saa mbili usiku, mtu anashika simu anaandika Google "fundi bomba Njiro". Huyo hahitaji kushawishiwa, anahitaji namba. Ni hivyo hivyo kwa umeme uliokata nyumba moja tu mtaani, paa linalovuja, choo kilichoziba na pampu ya kisima iliyokufa. Hapo Google haina mpinzani.

Anayejenga kwa hatua, leo msingi, mwakani boma, mwaka wa tatu paa, huyo haendi kutafuta. Anakaa jioni anapitisha Instagram, anaona paa la msauzi rangi ya kahawia limekaa vizuri kwenye nyumba ya Moshono, anahifadhi picha. Baada ya miezi minne anaandika "Habari, nimeona kazi zenu." Madirisha ya aluminiamu, dari za jipsamu, makabati ya jikoni na geti za kisasa zinauzika kwa macho, kwa hiyo huko Facebook na Instagram zinafanya vizuri kuliko Google.

Mkisoma miongozo ya Marekani mtakuta inasifia matangazo fulani ya Google ambayo fundi analipia kwa kila mteja aliyepiga simu, na jina lake linawekewa alama ya kuthibitishwa. Huduma hiyo Tanzania haipo. Anayekwambia atakufungulia, mwambie akuonyeshe kwanza ya kwake.

Kwa nini nisibusti tu posti zangu mwenyewe?

Unaweza. Shida ya kile kitufe cha kubusti, cha kulipia posti isambae, ni kwamba usipokuwa makini kinakutafutia watu wanaopenda kupenda. Unapata likes 400, wengine wako Mbeya, wengine wanafunzi, na wanaokuuliza bei hawazidi wawili. Ukiingia kwenye kidhibiti chenyewe cha matangazo unaweza kuuambia mfumo kwamba unachotaka ni mazungumzo ya WhatsApp, nao unawatafuta watu wenye tabia ya kuandika. Likes hazinunui misumari.

Kitu kimoja cha kiufundi hapa. Meta, wenye Facebook na Instagram, wanasema seti moja ya matangazo, yaani fungu lenye walengwa wake, inahitaji takribani matokeo 50 kwa wiki ili mfumo umalize kujifunza nani wa kumwonyesha. Fundi mwenye bajeti ya shilingi 10,000 kwa siku hafiki huko kirahisi. Sasa mtu anachukua hiyo elfu kumi anaigawa kwenye seti tano, moja ya wanaume, moja ya wanawake, moja ya Moshi, moja ya Arusha, moja ya "wenye hela". Zote tano zinakufa njaa. Bajeti ndogo iweke kwenye sufuria moja.

Nianze na shilingi ngapi?

Swali hili tunalijibu kwa swali lingine: kazi yako moja inakuachia faida kiasi gani, ukishalipa vijana na mafuta?

Tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, zako zitakuwa tofauti. Tuseme wewe ni muezekaji na umetenga 15,000 kwa siku kwenye Google. Kwa mwezi hiyo ni 456,000. Tuseme kila mbofyo unagharimu 600, basi umepata mibofyo 760. Kati ya kila watu ishirini walioingia, mmoja anapiga au anaandika, hao ni 38. Kati yao 12 wana nyumba kweli na wanataka uende kupima. Watatu wanatoa advansi.

Sasa gharama. Ile 456,000, ongeza VAT ya asilimia 18 kama hujasajiliwa VAT, inakuwa 538,080. Ongeza ada yetu, tuseme 250,000. Jumla 788,080, gawa kwa kazi tatu, kila kazi imekugharimu kama 263,000 kuipata.

Kama paa moja linakuachia 1,200,000, uko vizuri, ongeza bajeti. Kama wewe ni fundi wa kuzibua sinki kwa 40,000, hesabu hii itakufilisi, na sisi tutakuwa tumekula ada yako bure. Huyo tunamshauri ajaze vizuri wasifu wake wa biashara kwenye Google, ule unaotokea kwenye ramani. Ni bure.

Muda nao una maana. Wiki mbili za kwanza usizihukumu. Miezi miwili ikipita bila hata advansi moja, tuite tukae chini, maana kuna kitu kimeharibika: ama kwetu, ama kwako, ama bei yako.

Niliweka 15,000 kwa siku, jana Google wamekata 28,000. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Siku yenye watafutaji wengi Google wanaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku, kisha wanabana siku nyingine. Kinachofungwa ni mwezi: haizidi bajeti ya siku mara 30.4. Ndiyo maana hapo juu tumepata 456,000 na siyo 450,000.

Maneno mnayatafuta vipi? Si unaandika tu "fundi"?

Ukiandika "fundi" peke yake umekwisha. Kwa Kiswahili fundi ni wa cherehani, wa simu, wa baiskeli, wa magari, na hata aliyebobea kwenye jambo lolote. Utalipia mtu wa Ngarenaro anayetaka kubadilisha kioo cha simu.

Kazi hii ndiyo inayotulipa, kwa sababu lugha yetu ina mitego ambayo Google haiijui vizuri. Paa ni la nyumba na paa ni mnyama. Rangi ni ya ukuta, ya kucha na ya nywele. Tulipoanza na mteja wetu wa kwanza wa visima, mimi mwenyewe niliweka neno "kisima" kwa ulinganisho mpana, yaani Google waonyeshe tangazo kwa utafutaji wowote unaokaribiana na neno hilo, nikaenda zangu kulala. Baada ya siku tatu nikafungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa. Juu kabisa kulikuwa na "maana ya kuota kisima cha maji". Watu walikuwa wameamka asubuhi, wameota kisima, wanatafuta tafsiri ya ndoto, na mchimba visima wa Kisongo ndiye analipa. Hela hiyo tulimrudishia kutoka mfukoni, na tangu siku hiyo "ndoto", "kuota" na "maana ya" ni maneno ya kwanza kuingia kwenye orodha ya kukataa, yale ambayo mtu akiyaandika tangazo halimtokei.

Orodha hiyo ya kukataa ina wengine wa kudumu: ajira, nafasi za kazi, mshahara, chuo, VETA, kozi, bure, pakua. Kwa mafundi umeme tunaongeza luku, maana wanaotafuta luku wengi wao tokeni imegoma. Kwa waezekaji "bei ya bati" ni la kupima: anayeliandika mara nyingi anataka hadweya, lakini mteja mmoja anayeuza bati na kuezeka pamoja linamlipa. Halikataliwi bila kumuuliza mwenye kazi.

Upande wa pili ni kujua watu wanaandikaje. Hakuna anayetafuta "huduma za usakafiaji". Wanaandika marumaru, taili, au wanachapa neno la Kiingereza vyovyote masikio yalivyosikia. Wanaandika msauzi, migongo mipana, geji 28, silingbodi, jipsamu, grili, pevingi. Mwenye simu ya Kiingereza anatafuta kwa Kiswahili na kinyume chake, kwa hiyo hatuwachuji watu kwa lugha ya simu zao. Tunakuja ofisini kwako, tunakaa na vijana wako nusu saa, tunasikiliza wanavyoongea na wateja. Hapo ndipo maneno yanapopatikana.

Na Kiswahili ni kirefu. Kichwa cha tangazo la Google kinabeba herufi 30 tu, nafasi zikihesabiwa. "Uezekaji wa paa za kisasa Arusha" ni 32, haiingii. "Tunaezeka Arusha na Usa River" ni 29, inaingia, na inaeleweka haraka zaidi.

Tangazo langu litaonekana wapi?

Hapa kuna mambo mawili, na la pili ndilo wageni wa mikoa hii hawalijui.

La kwanza ni duara. Watu wanaweka pini Moshi mjini wanachora duara la kilomita 50 wanaridhika. Tazama ramani. Kaskazini duara lako limepanda mlimani mpaka hifadhini, na huko juu hakuna anayeezeka. Mashariki limevuka mpaka, limeingia Taveta, na Loitokitok nayo inaguswa. Utapigiwa simu na Mkenya mwenye haja ya kweli kabisa ambaye huwezi kumhudumia. Sisi tunachagua maeneo kwa majina na kuondoa tusiyoyataka. Kwa Arusha, fundi wa Sakina anayekataa kwenda Tengeru jioni kwa sababu ya foleni atuambie mapema, tusimlipie watu wa Tengeru.

La pili ni kwamba mwenye nyumba mara nyingi hayupo nyumba ilipo. Moshi hii. Anayejenga Machame, Kibosho, Marangu au Rombo yuko Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma, wengine wako nje ya nchi. Nyumba inajengwa na hela inayotumwa kwa simu na picha zinazorudi kwa WhatsApp. Google kwa kawaida huonyesha tangazo kwa walioko eneo ulilochagua au wanaoonyesha nia nalo, na kila mwongozo utakwambia uondoe hao wa pili kwa sababu wanapoteza hela. Kwa fundi bomba wa dharura, ondoa. Kwa mjenzi wa nyumba za kijijini Kilimanjaro, hao wa pili ndio wateja wenyewe. Tunamfungulia kampeni ya pembeni inayolenga Dar es Salaam kwa maneno yenye jina la mahali, "mjenzi Marangu", "kuezeka Machame", na tangazo linaahidi kitu anachokiogopa mtu aliye mbali: picha kila Ijumaa, na risiti za vifaa.

Kampeni ya namna hii ina watafutaji wachache. Usitegemee simu kila siku. Ila simu ikija, mara nyingi ni ya nyumba nzima.

Simu zinapigwa lakini kazi sipati. Matangazo yenu yana shida?

Huenda. Ila kwanza hebu tukusimulie.

Mteja wetu mmoja wa paa alilalamika hivyo hivyo. Ripoti ilionyesha watu wanabofya namba. Nikaenda saiti kwake, Moshono, nikamkuta juu ya kenchi na vijana wawili. Nikamwita: "Kaka, shikamoo ya kazi! Simu yako iko wapi?" Akajibu huku misumari iko mdomoni: "Iko kwenye begi la vifaa, kwenye gari. Nisije nikaidondosha." Tukalifungua begi. Saa nne asubuhi, simu saba hazijapokelewa. Tukaanza kurudisha. Mama mmoja wa Njiro akapokea, nikamsalimia, nikajieleza. "Marahaba mwanangu. Nimeshampata mwingine, yupo njiani anakuja." Sauti yake ilikuwa ya upole, hata hakuwa amekasirika. Alikuwa na paa linavuja, akapiga namba ya kwanza, haikupokelewa, akapiga ya pili.

Yule kaka hakuhitaji matangazo mengine. Alihitaji mtu aliye chini. Tukakubaliana namba ya matangazo akae nayo mke wake, ambaye anashinda kwenye hadweya yao ndogo. Shemeji akasema hajui geji wala kenchi. Tukamwandikia maswali manne kwenye kadi, akaibandika ukutani: Uko wapi? Nyumba ipo hatua gani? Una ramani? Lini tuje kupima? Basi. Habishani bei, anapanga siku ya kupima. Kazi zilianza kuingia wiki ile ile, na tangazo lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo kabla hatujapokea hela yako tunakupigia sisi wenyewe kwa namba usiyoijua, mara tatu, asubuhi, mchana na jioni. Usipopokea mbili kati ya hizo, tunazungumza habari ya simu kwanza. Wengine wanakasirika. Sawa.

WhatsApp nayo ina lake. Anayeandika "bei gani?" siyo msumbufu, ndivyo watu wanavyoanza mazungumzo. Mjibu ndani ya dakika kumi na umwombe picha ya nyumba na alipo kwenye ramani. Akituma pini ya mahali, huyo yuko tayari. Na ukiweka kiungo cha WhatsApp kwenye tangazo, namba ianze na 255 bila sifuri. Ukiandika 07 kiungo hakifiki popote, na hautajua mpaka umejiuliza kwa nini kumekuwa kimya.

Nitajuaje kazi ipi imetokana na tangazo?

"Umetupata wapi?" haitoshi. Kila mtu anajibu "mtandaoni", hata aliyepewa namba na mlinzi.

Njia yetu ni ya kizamani: laini ya pekee ya matangazo, haiandikwi kwenye gari, fulana wala bango. Ikiita hiyo, ni tangazo. Pembeni kuna daftari lenye safu tano: tarehe, jina, mahali, tumeenda kupima au la, ametoa advansi ya shilingi ngapi. Mwisho wa mwezi tunakaa na daftari hilo pamoja na ripoti ya Google na Meta. Mara nyingi vinapishana, na daftari ndilo linaloshinda.

Lazima niwe na tovuti?

Kwa Facebook na Instagram, hapana, tangazo linaweza kumpeleka mtu moja kwa moja WhatsApp. Kwa Google, ukurasa mmoja unatosha: unafanya nini, wapi, picha sita, namba inayobofyeka. Ufunguke haraka kwa bando dogo. Ukurasa wenye video inayojicheza yenyewe unamla mteja bando na kukula wewe hela.

Picha tuchukue Pinterest?

Usithubutu. Watu wa hapa wanayajua mapaa ya hapa. Nyumba yenye theluji kwenye uzio haiko Sombetini. Piga picha kwa simu yako, asubuhi, kabla jua halijawa kali, kabla na baada ya kazi. Mlima Meru ukitokea nyuma ndiyo uthibitisho tosha kwamba ulikuwa pale. Mwombe mwenye nyumba ruhusa na usionyeshe namba ya nyumba wala gari lake.

Sijasajiliwa CRB. Mtanitangaza?

Kama fundi, ndiyo, kwa kazi za fundi. Neno "mkandarasi" au "kampuni ya ujenzi" hatuliandiki kwa mtu asiyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, kwa sababu kufanya ukandarasi bila usajili ni kosa, na tangazo lako ni ushahidi ulioulipia mwenyewe. Aliyesajiliwa tunaandika daraja lake bila kulikuza. Daraja la saba halina aibu. Nyumba nyingi za mtaani hazihitaji zaidi ya hapo.

Fundi umeme atuonyeshe leseni ya EWURA. Mchimba visima atuambie vibali anashughulikia nani; kwa sehemu kubwa ya Arusha mjini, Meru na Kilimanjaro mambo hayo yanapita Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ofisi zake ziko Moshi. Wenye visima tunawawekea sharti lingine pia. Hatuandiki "maji safi na salama" kwenye tangazo la kisima ambacho hakijachimbwa. Ukanda wa Mlima Meru una floridi nyingi kwenye maji ya chini, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huwezi kuahidi kabla maabara haijapima. Badala yake tunaandika "tunachimba na kupeleka sampuli maabara", na sentensi hiyo inaleta wateja makini zaidi, kwa sababu mwenyeji wa hapa anayajua meno ya kahawia yanayoletwa na floridi tangu utoto.

Niandike bei kwenye tangazo?

Kwa kazi zinazopimika, ndiyo, "kuanzia". Inawapunguza wasioweza kabla hawajabofya. Kwa nyumba nzima, hapana, sema "tunakuja kupima na kukuandalia BOQ", yaani orodha ya vifaa na kazi pamoja na gharama zake. Na bei iwe ya shilingi hata kama mteja wako ni mwenye loji: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni hapa nchini.

Miezi gani nitangaze zaidi?

Waezekaji: Februari na Oktoba, kabla ya masika na vuli. Mvua ikishaanza watafutaji wanaongezeka lakini ni wa kuziba, siyo wa kuezeka, na juu ya bati lililolowa hupandi. Hita za maji za jua: kuanzia Mei, baridi ya Juni na Julai inafanya kazi yenyewe. Wajenzi wa Kilimanjaro: Agosti na Septemba, maana kila mtu anataka nyumba iishe kabla ya Krismasi, ndugu wakija wamkute amemaliza. Desemba yenyewe punguza mtandao, wenye nyumba wako kijijini wanatembea kwa miguu wakiangalia kazi za majirani, weka bango. Januari ni ya ada za shule. Tulia.

Akaunti ya matangazo ni ya nani?

Yako. Inafunguliwa kwa barua pepe yako na kadi yako, hata ikiwa ni kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, sisi tunaomba ruhusa ya kuisimamia. Chagua sarafu kwa makini siku ya kufungua, kwa sababu kwenye Google haibadilishwi baadaye.

Tunasisitiza kwa sababu alikuja kwetu mzee mmoja mwenye kampuni ya visima, alikuwa na watu fulani waliomtangazia zaidi ya mwaka. Akaunti ilikuwa yao. Alipotaka kuondoka walimwambia hakuna cha kumpa. Maneno yaliyoleta wateja, yaliyokataliwa, historia yote, vikabaki huko. Ikabidi tuanze na ndoto za visima upya.

Ada yenu ni asilimia au kiasi maalumu?

Kiasi maalumu kwa mwezi. Asilimia ya bajeti inatufanya tutamani utumie zaidi, na hatupendi kuwekwa kwenye kishawishi.

Mshindani wangu anabofya tangazo langu makusudi.

Labda. Google wana mfumo wa kuchuja mibofyo ya hila na hawailipishi wakiigundua. Kwa uzoefu wetu, anayeshuku jirani yake mara nyingi ana neno baya kwenye orodha. Tunaanza kuangalia hapo.

Nataka niwe wa kwanza kabisa juu.

Nafasi haiendi kwa aliyetoa hela nyingi peke yake. Inapigwa mnada kila mtu anapotafuta, na ubora wa tangazo na ukurasa unahesabiwa. Nafasi ya pili kwa bei nusu ni biashara nzuri.

Namba za wateja walioandika, naweza kuzitumia kuwatumia ujumbe kila wiki?

Walikuandikia kuhusu paa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka utumie taarifa za mtu kwa lengo alilokupa. Waombe ruhusa kwanza, na ukiuza daftari hilo kwa dalali wa viwanja usitutaje.

Mimi nataka tenda za serikali.

Basi usitulipe. Jisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza 2023, mambo yako yote yako huko.

Nikitaka kusimamisha?

Unabonyeza kitufe, dakika hiyo hiyo. Akaunti inabaki na kila kitu chake, ukirudi Februari tunaendelea tulipoishia. Ukisimamisha kwa sababu kazi zimezidi, tupigie pia utuambie, kwa sababu kuna wateja wetu wengine wa paa upande wa Sakina na hao unaowakataa tungependa wawapate wao. Laini ile ya matangazo usiizime. Watu wanahifadhi namba, wanapiga baada ya miezi sita.